Majibu Yako Yamo Kwenye Simu: Mwongozo Kamili wa Kupandisha Kurasa za Tovuti Kwenye Google

Mama mmoja mwenye nasari ya miche kule Njoro alinipigia simu mwezi wa Januari. "Mwanangu," akasema, "nina mwaka mzima na tovuti na haijaniletea mteja hata mmoja. Google hainioni?"

Nilipofika tuliketi chini ya neti ya kivuli, miche ikiwa imepangwa kwenye karatasi zake nyeusi, nikamwomba anionyeshe WhatsApp yake. Ilikuwa imejaa maswali, mengi kuhusu Hass na Fuerte, aina mbili za avokado. Mche wa Hass ni pesa ngapi? Ekari moja inaingia miche mingapi? Hass na Fuerte, nichukue gani? Unatuma mpaka Kitale? Kila swali alikuwa amelijibu, mengine kwa maandishi, mengine kwa sauti, kwa uhakika wa mtu aliyeshika kisu cha kupandikizia kwa miaka mingi. Kisha tukafungua tovuti yake. Ilikuwa na kurasa tano: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Huduma, Picha, Wasiliana Nasi. Katika kurasa zote hizo hapakuwa na jibu hata moja kati ya yale aliyoyarudia kila siku kwenye simu.

Tangu siku hiyo ndivyo ninavyoianza kazi hii kwa kila mteja. Kupandisha ukurasa kwenye injini za utafutaji ni kuyahamisha majibu yaliyo kwenye simu ya mwenye biashara na kuyaweka mahali ambapo mtu asiyemjua atayakuta. Kichwa, viungo, kasi na mengineyo nitakayoeleza yapo ili Google iyaone majibu hayo na msomaji ayapate bila kusumbuka. Nitatumia nasari ya Njoro kama mfano mpaka mwisho. Kama una gereji Kondele, nyumba ya wageni karibu na ufuo wa Dunga au duka la vifaa vya ujenzi Kakamega, badilisha majina tu, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Hakikisha ukurasa unaweza kuonekana

Unapobonyeza kitufe cha kutafuta, Google haiendi kuizunguka intaneti wakati huo. Roboti zake, yaani programu zinazosoma kurasa, huwa zimekwisha kupita zamani, zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Zilichokisoma huwekwa kwenye faharasa kubwa, na ukiuliza swali, majibu hutolewa humo na kupangwa. Ukurasa ambao haumo kwenye faharasa hauwezi kuwa wa kwanza wala wa mia.

Jipime hivi. Fungua Google, andika site: halafu jina la tovuti yako bila kuacha nafasi katikati, kwa mfano site:jinalako.co.ke. Zikitokea kurasa zako, Google inazo. Isipotokea hata moja, usipoteze muda kurekebisha vichwa na picha. Tatizo liko hapa.

Kwa yule mama hakikutokea kitu. Tovuti yake ilijengwa kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, na ndani yake, kwenye mipangilio ya usomaji, kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukiwekea alama wakati tovuti bado inajengwa, ili watu wasije wakaingia kwenye nyumba isiyoezekwa. Fundi wake alimaliza kazi, akalipwa, akasahau kukiondolea alama. Kila ukurasa ukawa unabeba agizo la noindex, na roboti za Google ziliheshimu agizo hilo kwa mwaka mzima. Nimelikuta kosa hili zaidi ya mara moja, na huniuma kila mara, kwa sababu mwenye biashara huwa amekwisha kulipa na hana namna ya kujua kilichomkuta.

Watu huchanganya noindex na faili ya robots.txt. Faili hiyo huzizuia roboti zisiusome ukurasa, lakini haizuii anwani ya ukurasa kutokea kwenye matokeo, hasa kama tovuti nyingine imeuwekea kiungo. Noindex ndiyo inayoutoa ukurasa kwenye faharasa, na ili ifanye kazi, lazima roboti iruhusiwe kuusoma ukurasa na kuliona agizo. Ukiziweka zote mbili kwenye ukurasa mmoja, moja itaizuia nyingine isionekane.

Ukishaondoa kizuizi, jisajili kwenye Google Search Console. Ni huduma ya bure ya Google yenyewe, na ndiyo itakayokuwa daftari lako la kazi hii. Utatakiwa kuthibitisha kuwa tovuti ni yako. Njia iliyo imara ni kuongeza mstari mmoja wa maandishi kwenye mipangilio ya domeni (lile jina la tovuti, kama jinalako.co.ke), kule ulikoisajili. Kama domeni ilisajiliwa kwa jina la fundi na si lako, tumia nafasi hii kuirudisha mikononi mwako. Kisha wasilisha ramani ya tovuti, ile faili inayoorodhesha kurasa zako zote. WordPress huitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwa jina wp-sitemap.xml. Mwisho, bandika anwani ya ukurasa wako mkuu kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu ya Search Console, uombe uorodheshwe.

Hatua ya 2: Kusanya maswali jinsi yanavyoulizwa

Chukua daftari. Pitia WhatsApp, SMS na maoni ya Facebook ya miezi mitatu iliyopita, uandike kila swali kwa maneno ya mteja mwenyewe, pamoja na tahajia zake. Usiyasafishe. Mteja akiandika "bei ya miche ya avocado nakuru", huenda hivyohivyo ndivyo anavyoandika kwenye Google.

Hapa Kenya kuna jambo la kulizingatia. Tunalitamka avokado, lakini wengi wetu tukiwa kwenye simu huliandika kwa tahajia ya Kiingereza hata kama maneno mengine yote ni ya Kiswahili. Mtanzania atatafuta parachichi. Mkulima wa Molo atasema nasari, kitabu kitasema kitalu. Mwingine ataandika miche iliyopandikizwa, mwingine miche ya grafti. Google siku hizi inaelewa kwamba mengi ya haya ni kitu kimoja, kwa hiyo usitengeneze ukurasa kwa kila neno. Chagua neno ambalo wateja wako wengi hulitumia, liweke kwenye kichwa, na hayo mengine uyatumie ndani ya maelezo pale yanapokaa vizuri kwenye sentensi.

Maswali yakishapangwa, yatafute moja baada ya jingine kwenye simu, kwa dirisha la faragha la kivinjari ili historia yako isiyapinde matokeo. Angalia kilichotokea. Kama juu kuna ramani yenye biashara tatu, Google imeamua kuwa mtu huyu anataka mahali pa kwenda, na ukurasa mrefu wa maelezo hautashinda hapo peke yake. Kama juu kuna makala, mtu anataka kuelewa. Kama kuna picha nyingi, anataka kuona. Soma pia maneno yanayojikamilisha unapoandika na maswali yanayopendekezwa katikati ya matokeo. Hayo yanatokana na utafutaji wa watu halisi.

Kiswahili au Kiingereza? Nimelijadili suala hili na wateja wengi, na msimamo wangu ni huu: kila ukurasa uwe na lugha moja. Ukurasa unaochanganya aya ya Kiingereza na aya ya Kiswahili ili kunasa watu wa pande zote mbili humchosha msomaji wa upande wowote. Kama wateja wako wanatumia zote mbili, tengeneza kurasa mbili kamili, kila moja na anwani yake, uziunganishe kwa alama ya hreflang, inayoiambia Google kuwa ni ukurasa uleule kwa lugha nyingine, na kwenye HTML, yaani msimbo wa ukurasa, utaje lugha ya kila ukurasa, sw kwa Kiswahili. Mimi huanza na Kiswahili. Kurasa za Kiswahili zenye majibu kamili kuhusu kilimo, afya ya mifugo au ufundi bado ni chache, na anayeandika vizuri leo hana msongamano mkubwa mbele yake.

Hatua ya 3: Gawa kurasa kwa maswali

Ukurasa wa Huduma wa yule mama ulikuwa umeorodhesha avokado, macadamia, mapera, tree tomato, mikaratusi na nyasi za lishe, kila kimoja mstari mmoja. Google ikisoma ukurasa wa namna hiyo haiwezi kusema unahusu nini, kwa sababu kweli hauhusu kitu kimoja.

Tuliugawa. Ukurasa wa miche ya Hass ulibaki wa mtu anayetaka kununua: bei, umri, namna ya kuagiza. Wa kulinganisha Hass na Fuerte ukaandikwa kwa ajili ya anayesitasita. Mwingine ukaeleza nafasi na idadi ya miche kwa ekari, na mwingine jinsi miche inavyosafirishwa. Maswali yaliyo karibu sana, kama bei ya rejareja na bei ya jumla, yalikaa pamoja kwenye ukurasa mmoja.

Kuna mtego hapa ambao huuzwa kama ujanja. Fundi atakuambia atengeneze kurasa ishirini: miche ya avokado Naivasha, Gilgil, Molo, Eldoret, Kisumu, Bungoma, zote zenye maneno yaleyale isipokuwa jina la mji. Google inazihesabu kurasa kama hizo kuwa ulaghai na sera zake zinazitaja waziwazi. Ukurasa wa mji uwepo tu kama una jambo la mji huo: unatuma kwa matatu za kampuni gani, mzigo unafika lini, mteja anauchukulia wapi, hali ya hewa ya huko inafaa aina ipi.

Hatua ya 4: Kichwa cha ukurasa

Kichwa ninachokisemea ni kile kilicho kwenye alama ya title, kinachotokea kama mstari wa kubofya kwenye matokeo. Kwa juhudi kidogo tu unayoiweka, hakuna sehemu nyingine ya ukurasa inayokulipa kama hii.

Cha mama kilikuwa "Mwanzo – Karibu Sana". Tulikibadilisha kikawa "Miche ya Avocado ya Hass Njoro, Nakuru: Bei na Umri". Kihesabu: herufi 51 pamoja na nafasi. Google hukata kwa upana wa mstari, haihesabu herufi, lakini ukikaa chini ya 60 kwa kawaida hukatwi. Angalia mpangilio wake. Kitu kinachouzwa kimetangulia, kisha mahali, kisha ahadi ya kile atakachokikuta. Ahadi hiyo lazima itimizwe. Ukiandika "Bei" na bei isiwepo, mtu atarudi kwenye matokeo na kumbofya jirani yako.

Kila ukurasa uwe na kichwa chake. Google wakati mwingine hukiandika upya, hasa kikiwa kirefu mno, kikirudiwa kwenye kurasa nyingi au kikipishana na yaliyomo. Ukiona kichwa chako kimebadilishwa, chukulia kama maoni ya mhariri ukirekebishe.

Chini ya kichwa hutokea maelezo mafupi. Hayapandishi nafasi yako, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abofye wewe. Andika sentensi mbili zenye herufi zisizozidi 155 hivi, uweke ndani yake jambo la uhakika: umri wa mche, bei inaanzia ngapi, mnatuma wapi. Kuhusu ile alama ya keywords ambayo mafundi wengine bado huijaza maneno hamsini, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo. Achana nayo.

Hatua ya 5: Maandishi yenyewe

Hapa ndipo nataka tukae muda mrefu, maana hapa ndipo tovuti nyingi za kwetu hushindwa hata kama mengine yote yako sawa.

Anza na jibu. Kichwa kikubwa kilicho ndani ya ukurasa, kile cha H1, kiseme kwa maneno ya kawaida ukurasa unahusu nini, na aya ya kwanza ijibu swali moja kwa moja. Usianze na "Kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wetu." Mtu amesimama shambani Kuresoi, bando linaisha, anataka kujua bei. Mwambie: "Mche wa Hass uliopandikizwa ni Sh150, ukichukua kuanzia 100 ni Sh130" (hizi ni bei za mfano tu, wewe weka zako).

Wenye biashara wengi hukataa kuweka bei. Wanaogopa washindani wataiona, au wanataka mteja apige simu ndipo wamshawishi. Namwelewa anayeogopa hivyo. Lakini mshindani anaweza kujifanya mteja akaulize leo hii, ilhali mteja asiyeona bei huondoka kimya na hutajua kwamba alikuja. Kama bei hubadilika, andika kiwango cha chini na cha juu, na tarehe uliyoirekebisha mara ya mwisho.

Baada ya jibu, andika yale ambayo wewe unayajua kwa sababu umeyafanya. Google huwapa wakaguzi wake wa ubora mwongozo unaowataka watazame uzoefu, utaalamu, mamlaka na uaminifu wa kurasa, na uzoefu uliongezwa mwishoni mwa mwaka 2022. Alama za wakaguzi hao hazipandishi wala kushusha ukurasa wako moja kwa moja, ila zinaonyesha Google inalenga kuthamini nini. Uzoefu ndio mtaji wa mfanyabiashara mdogo. Kampuni kubwa ya Nairobi inaweza kununua tovuti nzuri kuliko yako, lakini haijakaa na mche wako.

Nilimwomba mama anieleze Hass na Fuerte kama anavyomweleza mteja aliyekuja nasarini, nikarekodi kwenye simu. Akasema Fuerte ikiiva hubaki kijani, Hass huwa nyeusi yenye zambarau, na ganda lake gumu lenye mikunjo hustahimili safari, ndiyo maana wanunuzi wa kupeleka nje huipenda. Akasema maua ya Hass na ya Fuerte hayafunguki kwa saa zilezile: Hass huwa kike asubuhi na kiume alasiri ya siku inayofuata, Fuerte huanza kike alasiri na kuwa kiume asubuhi. Kwa hiyo mkulima akipanda Fuerte chache katikati ya Hass, nyuki hupata chavua wakati ua la mwenzake liko tayari. Akasema ukipanda kwa nafasi ya mita 5 kwa 5, ekari moja huingia miche kama 160, na kwa mita 7 kwa 7 huingia kama 80, kwa hiyo mtu asinunue kabla ya kuamua nafasi.

Dakika kumi na mbili za sauti zikatoa ukurasa mzima. Nilichofanya mimi ni kuugawa kwa vichwa vidogo, kila kimoja kikiwa swali: Hass na Fuerte zinatofautianaje? Nipande kwa nafasi gani? Itazaa baada ya muda gani? Kama kuandika kunakupa shida, fanya hivyohivyo. Jirekodi ukimjibu mteja, kisha uandike ulichosema.

Usirudierudie neno lako la utafutaji. "Karibu kwenye miche ya avokado Nakuru, tunauza miche ya avokado Nakuru kwa wanaotafuta miche ya avokado Nakuru": maandishi ya namna hii yanakiuka sera za Google, na msomaji huyakimbia. Soma aya zako kwa sauti. Ukiona haya kulitamka neno mara ya nne, liondoe.

Hakuna urefu uliowekwa. Ukurasa wa usafirishaji wa yule mama una aya tatu na unatosha. Wa Hass na Fuerte ni mrefu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi. Ukitumia programu za akili bandia kukuandikia, elewa Google inakataza nini: kumwaga kurasa nyingi zisizo na thamani ili kupanda kwenye matokeo, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Programu inaweza kukusaidia kupanga na kusahihisha. Haiwezi kujua kwamba mzigo wako wa Ijumaa hufika Kitale Jumamosi asubuhi.

Hatua ya 6: Anwani ya ukurasa

Iwe fupi, isomeke, maneno yatenganishwe kwa vistari: /miche-ya-avocado-hass. Usiweke mwaka wala namba zisizo na maana. Ukibadilisha anwani ya ukurasa ambao tayari uko kwenye Google, weka uelekezo wa kudumu, ule wa 301, kutoka ya zamani kwenda mpya. Usipofanya hivyo utapoteza sifa zote ukurasa ulizokwisha kujipatia.

Hatua ya 7: Picha na kasi

Piga picha zako mwenyewe. Mche wako ukiwa mkononi mwako, kovu la pandikizi likionekana wazi, humwambia mnunuzi mambo ambayo picha ya kununuliwa mtandaoni haiwezi.

Tatizo ni uzito. Picha ya simu ya siku hizi huwa na MB 3 hadi 5, na tovuti ya mama ilikuwa na kumi na nne za aina hiyo kwenye ukurasa mmoja. Mtu wa Mau Narok mwenye mtandao wa kusuasua hangeweza kuufungua. Punguza upana wa picha mpaka pikseli 1200 hivi, ihifadhi kwa WebP, muundo ambao Google iliutoa mwaka 2010 na vivinjari vyote vikubwa vinausoma sasa, na ulenge chini ya KB 150 kwa kila moja. Ipe faili jina linaloeleza, mche-wa-hass-miezi-sita, badala ya IMG na namba. Kwenye alama ya alt andika kilichomo kwenye picha kama unavyomweleza mtu aliye upande wa pili wa simu, kwa kuwa asiyeona husomewa maneno hayo na simu yake, na Google huyatumia kuielewa picha.

Kisha ingia PageSpeed Insights, huduma ya Google ya kupima kasi, bandika anwani yako, usome sehemu ya simu. Kuna vipimo vitatu vya kutazama. Kitu kikubwa kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa ujibu mguso ndani ya milisekunde 200. Na kuyumba kwa vitu wakati ukurasa unafunguka kusizidi 0.1, maana mtu akitaka kubofya namba ya simu asijikute amebofya tangazo. Kuyumba huko mara nyingi hutokana na picha zisizotajwa upana na kimo kwenye HTML, na huponywa kwa dakika tano.

Kila mara jaribu kwa simu ya bei ya chini, si kwa kompyuta ya ofisini. Google husoma tovuti kwa macho ya simu. Mabadiliko hayo yalianza mwaka 2016 na kukamilika mwaka 2023. Kitu kilichoondolewa kwenye simu ili kuokoa nafasi, kikaachwa kwenye kompyuta peke yake, Google haikioni. Kasi haitaupandisha ukurasa usio na jibu. Huamua zaidi pale kurasa mbili zinapojibu vizuri sawasawa.

Hatua ya 8: Unganisha kurasa zako

Kwenye ukurasa wa Hass na Fuerte, pale unapotaja nafasi za kupandia, weka kiungo kwenda ukurasa wa nafasi. Maneno ya kiungo yaseme kinakokwenda: "miche mingapi huingia kwenye ekari". Yakisema "bofya hapa", Google hujifunza kidogo sana kuhusu ukurasa wa mbele. Ukurasa usio na kiungo chochote kinachoingia ni kama nyumba isiyo na njia, na roboti huenda isiufikie kamwe. Ukimaliza ukurasa mpya, rudi kwenye kurasa mbili tatu za zamani uuwekee njia.

Viungo kutoka tovuti za wengine vina uzito mkubwa. Wazo hilo la kupima ukurasa kwa viungo vinavyouelekea ndilo Larry Page na Sergey Brin walilojengea Google wakiwa Stanford. Viombe pale unapostahili: chama chako cha ushirika, mteja mkubwa mwenye tovuti, waandaaji wa maonyesho uliyoshiriki. Usinunue vifurushi vya viungo elfu moja kwa bei ya kutupa. Google hujitahidi kuvipuuza, na tovuti inaweza kuadhibiwa.

Hatua ya 9: Ramani

Kama wateja hukujia, fungua wasifu wa biashara wa Google. Ni bure. Jina, namba ya simu na mahali viwe vilevile kama vilivyo kwenye tovuti, herufi kwa herufi. Google inasema hupanga biashara za karibu kwa mambo matatu: zinavyolingana na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huwezi kuubadilisha. Hayo mawili mengine unaweza, kwa kuchagua aina sahihi ya biashara na kuwaomba wateja walioridhika waandike maoni ya kweli. Kwenye ukurasa wa mawasiliano eleza njia kama unavyomwelekeza mtu: kutoka Nakuru mjini mpaka Njoro ni kama kilomita 20, unashuka stendi gani, unakunja wapi, boda analijua jina gani.

Hatua ya 10: Pima, kisha rekebisha

Google huchukua siku kadhaa hadi majuma kuuona ukurasa mpya, na miezi kuupa nafasi yake. Kwa biashara ya msimu jambo hili linadai kalenda. Mvua za masika huanza Machi, na watu huanza kuulizia miche kabla yake, kwa hiyo kurasa zako ziwe tayari kufikia Desemba. Sisi tulianza Januari, na msimu wa kwanza tuliupata nusu.

Mara moja kwa mwezi fungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliyatafuta mpaka ukurasa wako ukatokea, mara ngapi ulitokea, mara ngapi ulibofywa na wastani wa nafasi yako. Tafuta maneno ambayo uko kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Hapo Google imekwisha kukubali kwamba unahusika, imekuona tu hujakamilika. Fungua ukurasa huo, jiulize mtu aliyeandika maneno hayo alitaka nini ambacho hakimo, ukiongeze. Ukiona ukurasa unatokea sana na haubofywi, rudi kwenye kichwa na maelezo mafupi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike tarehe kwenye daftari, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Mara ya tatu tulipoifungua ripoti hiyo na mama, tulikuta watu wamefika kwenye ukurasa wa Hass kwa kutafuta kwa nini majani ya avokado hukauka kwenye ncha. Ukurasa haukuwa na neno juu ya hilo. Nikamuuliza kama anajua. "Hiyo ni chumvi," akasema, "mtu anamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, au anamwaga kidogokidogo hadi chumvi inabaki kwenye udongo. Niliwaambia wawili juzi kwenye simu." Nikatoa simu yangu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, nikamwomba aanze tena tangu mwanzo.